Boti Iliyongoja Desemba

Mkinunua boti kuukuu, msianze na rangi. Najua mtaanza na rangi. Kila mtu huanza nayo kwa sababu jirani anaiona, ilhali ubao uliooza hauonekani na mtu yeyote hadi siku unapoachia injini katikati ya maji. Vijana wa hapa Kitengela hunijia na simu zao, wananionyesha picha ya boti fulani inayouzwa Naivasha, wananiuliza, "Fundi, hii iko sawa?" Naangalia picha. Rangi mpya, inang'aa. Najua tayari kuna mtu anaficha kitu.

Mnacheka kwamba fundi wa boti anakaa mahali ambapo maji tunanunua kwa mkokoteni. Chekeni. Kazi iliyonilisha hapa ni pampu za visima na jenereta, sikatai. Lakini boti zilikuja pia. Watu wetu wa magharibi walioajiriwa Athi River na Nairobi, wakisikia mzungu wa Naivasha anarudi kwao na anauza boti ya familia, waliinunua, wakaileta hapa kwanza itengenezwe, ndipo waipeleke kwao ziwani. Zama hizo nyuma ya ploti zetu kulikuwa uwanda mtupu. Nimewahi kufungua kabureta ya boti huku punda milia wakinitazama, na nilihisi wao ndio wenye akili.

Kuna boti moja nataka kuwaambia habari zake. Bado inaniuma, kwa hivyo mkiona nakasirika katikati ya maelezo ya kabureta, mjue ni kwa sababu hiyo.

Kazi nilifundishwa na Mzee Odera, ufuoni mwa Ziwa Victoria, upande wa Busia. Alikuwa na goti lisilokunjika. Injini ilimwangukia zamani kamba ilipokatika, na tangu hapo alikaa mguu mmoja ukiwa umenyooshwa mbele, na sisi wanafunzi tuliuruka kutwa nzima kama kizingiti. Hakuwa mpole. Ukikosea hakukutukana, alichukua tu spana mkononi mwako akafanya mwenyewe, nawe ukabaki umesimama hapo bila kazi mbele ya wavuvi. Afadhali angetukana.

Alikuwa na sheria moja ambayo sijaikuta kwingine. Mwanafunzi wake hakuitwa fundi mpaka atengeneze boti moja peke yake, mwanzo hadi mwisho, kisha mzee mwenyewe aipande. Aliketi katikati, akaupa mgongo upande mnakoenda, akamtazama mwanafunzi na injini yake. Mlivuka ghuba mkarudi, naye hasemi neno. Mkifika ufuoni anashuka, anajipangusa, anasema, "Sasa enda." Basi. Sisi tuliita kupandiwa. Ukiomba kazi ufuoni hakuna aliyekuuliza umesoma wapi. Waliuliza, "Mzee alikupandia?"

Mimi hakunipandia. Zamu yangu ilikuwa imekaribia nikasikia kuna kiwanda huku kinatafuta watu wa mashine, na mshahara kila mwisho wa mwezi. Nilikuwa na mke na mtoto mchanga. Nilipomuaga mzee alikuwa ameshika kabureta.

"Unaenda kabla sijapanda," akasema.

Nikamwambia nitarudi na boti yangu.

"Uilete nikiwa bado na matako ya kukalia," akasema, akarudi kwa kabureta yake.

Kiwanda kilitufukuza wengi wetu miaka michache baadaye. Nikafungua kibanda kando ya barabara ya Namanga, nikatundika pampu mbovu mlangoni kama tangazo, wateja wakaanza kuniita fundi. Niliitikia. Mtu akikuita fundi na ana kazi mkononi, huwezi kuanza kumweleza habari za goti la mzee fulani. Lakini kila nilipoitikia nilijua naitikia jina ambalo sijapewa na mwenyewe.

Ndipo akaja Maurice, mtoto wa kwanza wa Mzee Odera. Hapa tulimwita Baba Sherry. Alikuwa karani ofisini Nairobi, mtu wa shati nyeupe, alikuwa amejenga Kitengela karibu tu na kwangu. Simu za mkono zilikuwa ndiyo zinaanza kufikia watu kama sisi, naye alikuwa na yake kwenye mshipi.

"Wafula," akaniambia, "nimepata boti. Ya mzungu, Naivasha. Ile ya kubeba watoto wakicheza."

"Mzee anajua?"

"Si yeye ndio amenituma kwako. Amesema kama ni kupanda, atapanda tu ile wewe umetengeneza."

Siku hiyo nilifunga kibanda mapema. Nilifurahi mpaka mke wangu akaniuliza kama nimeokoka.

Boti ilifika juu ya trela, ndogo, ya faiba, imefifia kama ndoo ya zamani. Sasa sikieni vizuri, hapa ndipo penye faida yenu. Jambo la kwanza ni ule ubao wa nyuma unaobeba injini. Chukueni mpini wa nyundo mgonge polepole kutoka pembe hadi pembe. Ubao mzima unalia. Ubao uliooza ni bubu, na mkifungua skrubu yake maji ya kahawia yanachuruzika. Wa Baba Sherry ulikuwa bubu nusu nzima. Nilikata faiba, nikatoa uchafu uliokuwa ubao, nikaweka mwingine, nikafunika upya. Kazi hiyo haionekani. Baba Sherry alikuja jioni akatazama, akasema, "Kwani leo hukufanya kitu?"

La pili, kizibo. Chini kabisa nyuma kuna tundu la kutolea maji ya mvua boti ikiwa nchi kavu. Kizibo chake ni kidogo kama kifuniko cha chupa, na watu wenye digrii wamezama kwa kukisahau. Kifungeni kwa uzi kwenye ufunguo wa trela, ili msiweze kuondoka bila kukiona.

La tatu, msiwashe injini ikiwa kavu. Hata mara moja tu mjaribu sauti. Ndani kuna kijipangaboi cha mpira kinachovuta maji ya kupoza injini, na bila maji kinaungua mnapohesabu moja mbili. Sisi tulitumia pipa. Unateremsha injini ndani ya pipa la maji, unavuta kamba, unaangalia pembeni. Kukitoka kauzi ka maji kama mkojo wa mtoto, pumua. Kasipotoka, zima. Shida ni kwamba pipa zima la maji Kitengela lilikuwa ugomvi. Mama Sherry, mke wa Maurice, alinipa maji aliyofulia, yenye povu, na injini ya watu ikatoa mapovu kama mgonjwa wa kifafa. Na petroli ya zamani mwageni yote. Hizo injini zinakunywa petroli iliyochanganywa na oili, na mchanganyiko ukikaa unageuka gundi ndani ya kabureta.

Mama Sherry huyo nusura aniue kwa moyo. Mvua zilipoanza alitoa mfereji wa bati kwenye pipa akauelekeza ndani ya boti. Nilikuta boti imejaa mpaka pomoni, trela imepinda, naye anachota maji ya kupikia.

"Mama Sherry, unaua boti!"

"Kwani si ni ya maji?"

"Ni ya kukaa juu ya maji! Si maji kukaa ndani yake! Hiyo tumbo haikujengwa kubeba tani."

"Wafula," akasema, na ndoo haikutua, "hii ndiyo mara ya kwanza hii kitu inasaidia mtu kwa hii nyumba."

Nilivuta kizibo yakamwagika yote, na hakuniongelesha wiki nzima. Lakini kabla ya kukivuta nilikuwa nimechungulia chini ya boti, na pale chini palikuwa pakavu. Haikuwa imevuja hata tone. Nilisimama pale kwenye matope nikijisifu kimoyomoyo.

Mwisho kabisa nilijenga kiti. Nilitoa benchi la katikati la wazungu, nikaweka lingine, fupi, karibu na sakafu, likitazama injini, na mbele yake nikaacha nafasi ya mguu usiokunjika. Nilisugua ukingo wake kwa msasa mpaka ukawa laini, maana yule mzee alilalamikia kila kitu alichokalia.

Novemba ilipofika boti ilikuwa tayari kuelea. Haikuwa nzuri. Ilikuwa na viraka vyeupe na vya kijivu, na kifuniko cha injini kilikuwa na ufa. Lakini ilikuwa tayari. Nikamwambia Baba Sherry tutafute lori.

Alizunguka boti mara mbili, mikono mfukoni. "Wafula, kweli naenda home na kitu iko na madoa kama ng'ombe? Watu wataniona aje?"

"Watakuona umeleta boti."

"Wacha nipake rangi kwanza. Tutaenda Desemba ingine."

"Kwa nini Desemba? Twende Februari. Twende Pasaka."

"Februari nani ako home? Desemba ndio watu wote wanakuwa."

Mnaotoka kwetu mnajua anachosema. Mtu mwenye kazi mjini haendi nyumbani hivi hivi. Anangoja Krismasi, kijiji kimejaa, magari ya wenzake yameegeshwa chini ya miti, ndipo naye aingie na kitu. Ukienda mwezi wa tatu na boti, ataiona mama yako na kuku. Mimi mwenyewe nimepiga plasta nyumba kwa ajili ya Desemba nikaacha bati linavuja. Kwa hivyo nilimwelewa, na nilinyamaza, nikadhani mwaka mmoja si kitu.

Katikati ya mwaka huo simu yangu ililia, nami nilikuwa nimeinunua juzi tu, kuukuu kama boti. Ilikuwa Mzee Odera, ameazima ya mpwa wake.

"Wafula. Boti iko wapi?"

"Iko Kitengela, mzee."

"Inaelea juu ya nyasi?"

"Inapakwa rangi, mzee."

"Iwashe niisikie," akasema.

Nikakimbia kwa Baba Sherry, nikajaza pipa, nikavuta kamba, nikashika simu karibu na injini. Sijui kule ilisikika vipi. Nilipoirudisha sikioni alikuwa tayari anaongea. "...ya chini inalala njaa. Safisha kabureta." Nikaifungua jioni hiyohiyo, nikakuta kijitundu cha silinda ya chini kimezibwa na uchafu mdogo kuliko mbegu ya ufuta. Nilikaa nao kwenye kidole nikitikisa kichwa.

Siku iliyofuata alipiga tena, nikaiwasha tena. Alisikiliza mpaka salio la mpwa wake likakaribia kwisha.

"Sasa je, mzee?"

"Nimesikia."

"Iko sawa?"

"Kusikia nimesikia. Kupanda sijapanda. Leta."

Nikamwambia Baba Sherry maneno hayo yalivyo. Alikuwa anashikilia vipande viwili vya turubai juani, anachagua rangi ya paa. Ndiyo, boti ilikuwa sasa inawekewa paa. Na redio. Na jina ubavuni, kwa herufi za kupinda. Jumapili baada ya kanisa familia yote ilipanda humo uani, soda mkononi, wakapigwa picha. Niliona Sherry amekaa kwenye kile kiti kifupi, magoti yamemfika kidevuni, akiuliza kwa nini fundi alijenga kiti kibaya.

Desemba ya pili ikaja. Safari hii ilikuwa kifuniko cha injini. Rangi mpya imefanya kifuniko kizee kionekane kibaya, na kipya kiliagizwa hakikufika. Nikapoteza subira. Nilimwambia, "Baba Sherry, nipe niipeleke mimi. Lori nitakodi na pesa yangu. Nimpandishe mzee, nikuachie boti pale ufuoni, wewe ukuje Krismasi uringe nayo utakavyo."

Hapo alibadilika uso. "Unataka baba yangu apande boti yangu nikiwa hapa Kitengela? Apandishwe na wewe?"

"Anazeeka."

"Ni baba yangu, Wafula. Mimi ndio nitampandisha. Na watu wakiona."

Nilielewa wakati huo kwamba yeye pia alitaka kuambiwa kitu na yule mzee. Huenda tangu utoto, akiwa na daftari zake, akiona sisi watoto wa watu wengine tumezunguka ule mguu. Nilimwelewa vizuri kabisa. Lakini sikumhurumia, na hata leo simhurumii.

Mzee Odera alikufa kabla ya Desemba ya tatu. Alikohoa wiki chache tu, wakampeleka hospitali, wakamrudisha.

Tulisafiri kwenda kumzika, mimi na Baba Sherry kwenye basi moja, viti tofauti. Boma la mzee liko kisiwani, kwa hivyo jeneza lilivushwa kwa boti ya mbao ya kukodi. Aliyeshika injini alikuwa kijana aitwaye Ochieng', aliyejifunza kwa mzee miaka mingi baada yangu. Injini yake ilikuwa safi. Nilisikiliza njia nzima nikitafuta kosa, sikupata.

"Mzee alinipandia mwaka jana," akaniambia, macho majini. "Na goti lake hivyo, tukambeba. Alipofika akaniambia niende. Wewe alikupandia mwaka gani?"

Nilijifanya nafunga kamba ya viatu.

Baba Sherry alipewa nafasi ya kusema kaburini. Alisema vizuri, ana sauti. Akamwambia baba yake, "Mzee, boti yako iko tayari. Imepakwa rangi, iko na paa, iko na redio." Watu wakapiga makofi. Mama mmoja nyuma yangu alilia akisema, mtoto kama huyu ni baraka. Nilimchukia Baba Sherry pale pale, mbele ya kaburi, na mpaka sasa sijamaliza kumchukia. Alipata makofi yake. Desemba yake ilikuja mapema, na watu wote walikuwa nyumbani.

Baada ya hapo hakuitazama tena ile boti. Turubai ilichanika kwa upepo, kuku wakataga chini ya usukani. Baadaye familia ikahamia Nkoroi, karibu na shule ya Sherry, nami niliporudi kutoka kazini siku moja nikakuta kwao lango jipya na mbwa asiyenijua. Boti haikuwepo. Sikuuliza imeenda wapi. Nilijiambia labda imefika ziwani, nikajilazimisha kuamini hivyo.

Ukame ulikuwa umekaza nilipoitwa Kajiado ndani, kwa mzee mmoja aitwaye Parsaloi, pampu ya kisima chake ilikuwa imekufa. Ng'ombe walisimama mbavu nje, hawana hata nguvu ya kulia. Tulisalimiana, "Supa," "Supa oleng," akaniongoza kisimani. Nikaiona. Haina trela, haina injini, paa limetolewa, tumbo lake limezikwa nusu kwenye udongo ili isitikisike. Rangi ya Baba Sherry ilikuwa imebambuka, jina limebaki herufi mbili. Bomba la kisima lilikuwa limeelekezwa ndani yake.

"Hii birika nilitoa kwa mtu wa Kitengela," Parsaloi akasema, na alikuwa na fahari nayo. "Ile ya simiti ilipasuka. Hii haivuji hata kidogo. Na iko na hii." Akainama akaonyesha kile kizibo changu, bado kimefungwa na uzi. "Ukitoa, unaosha. Mtu alitengeneza hii alikuwa na akili."

"Alikuwa," nikasema.

"Sasa fundi, niambie. Hii kiti ya chini ni ya nini? Iko chini sana kwa mtu."

"Ilikuwa ya mzee mmoja na goti mbaya."

"Alikuwa anakaa hapa?"

"Hapana."

Akafikiri kidogo. "Ni nzuri kwa wana-mbuzi," akasema. "Wale wadogo hawafiki maji, wanasimama hapo."

Nilifungua pampu yake, na shida haikuwa kubwa. Kabla ya jua kusogea nilikuwa nimemaliza. Parsaloi alisimama karibu nami akitazama bomba, ng'ombe wake wakitazama bomba.

"Washa, fundi," akasema.

Nikavuta kamba ya injini ya pampu. Injini ikashika mara ya kwanza, safi, silinda zote. Maji yakapiga kelele ndani ya bomba, yakatoka, yakaanza kujaza ile boti. Mbuzi mdogo mmoja akaruka ndani kabla ya wakubwa, akapanda juu ya kiti, akaugeuzia mgongo upande wa mbele, na akabaki pale ananitazama mimi na injini yangu mpaka maji yalipomfikia miguu.